Si kila mtoto anayeziba masikio anakimbia sala



Wiki mbili zilizopita, kisha kugawanya likelemba, tulibaki kuzungumza habari za Amerika. Mmoja wetu ana dada yake kule, HCR ilimpeleka na watoto wake kutoka kambi ya wakimbizi. Dada huyo anasimulia kwamba watoto wake wanafundishwa masomoni namna ya kufunga mlango, kuzima taa na kulala chini ya meza bila sauti, wajizoeze kwa siku ambapo mtu ataingia na bunduki. Tulishangaa. Sisi wa Mashariki mwa Kongo tunajua kukimbia risasi, lakini zetu ni za vita. Kule hakuna vita. Basi kwa nini?

Majibu mawili yalitoka mbio, na yote mawili yalikubaliwa kwa vichwa. La kwanza: wazungu walifukuza sala masomoni, shetani akachukua nafasi. La pili: wanaopiga risasi ni wale watoto wa "otisimu", na kwetu pia wako, tuwachunge kabla hawajakua. Hapo mama wawili walitazamana, nikajua wanamfikiri mtoto gani. Yuko katika darasa langu. Mama yake ameniruhusu niandike, bila jina.

Nianze na neno lenyewe. Otisimu, ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanaiita usonji, neno zuri, nami nitalitumia. Si wazimu wala si homa ya ubongo. Ni namna ambavyo ubongo wa mtoto unajengeka tangu mwanzo, hata kabla hajazaliwa, na sehemu kubwa inatokana na urithi wa damu. Mwingine hasemi kabisa, mwingine anasema kama kitabu lakini hajui kucheza na wenzake. OMS inakadiria kwamba mwaka 2021 karibu mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Hesabuni wenyewe watoto wa masomo yenu. Wako, hata kama hakuna daktari aliyewahi kuandika jina hilo kwenye karatasi.

Sasa bunduki. Usemi huu wa usonji na bunduki ulienea hasa tangu tarehe 14 Desemba 2012. Siku hiyo, katika mji wa Newtown, jimbo la Connecticut, kijana wa miaka 20 aliingia katika shule ya msingi ya Sandy Hook akaua watoto 20 wa miaka 6 na 7, pamoja na watu wazima 6 waliofanya kazi pale. Kabla ya kutoka nyumbani alikuwa amemwua mama yake mzazi. Bunduki alizotumia, ni mama huyo aliyezinunua dukani, kwa njia ya sheria. Mwishowe kijana akajiua.

Maziko hayajaisha, televisheni zikawa zinasema kwamba alikuwa na Asperger, ambayo leo inahesabiwa kuwa namna moja ya usonji. Ni kweli, daktari aliwahi kumwandikia hivyo. Lakini fikirini hofu ya kila mama mwenye mtoto wa namna hiyo katika nchi nzima, Jumatatu yake akimpeleka masomoni mbele ya macho ya wazazi wengine. Mwezi wa Novemba 2014 ofisi ya jimbo lile inayotetea watoto ilitoa ripoti ndefu juu ya maisha ya kijana huyo. Ikasema wazi kwamba usonji haukumfanya aue. Ilionyesha mambo yaliyofungamana: shida za roho zilizozidi bila matibabu, kujifungia chumbani, kushikwa na habari za mauaji, na silaha zilizokuwa karibu na mkono.

Na kuna jambo ambalo radio hazikulirudia sana. Kati ya watoto 20 waliouawa siku ile, wawili walikuwa na usonji. Mmoja alikufa mikononi mwa mama aliyekuwa akimsaidia darasani. Mimi nikiwa mwalimu, nikifikiri Sandy Hook, hao ndio ninaowaona kwanza. Wenye usonji, mara nyingi zaidi, ndio wanaopigwa, wanaochekwa, wanaonyang'anywa chakula. Hilo ninaliona kila siku wakati wa rekreasio, sihitaji ripoti.

Twende kwenye sala, na hapa ninaomba mnisome polepole, kwa sababu mimi mwenyewe ninasali na sitaki mtu aseme mwalimu ameacha dini.

Ni kweli kwamba mwaka 1962 korti kubwa ya Amerika ilikataa serikali kutunga sala na kuisomesha katika shule za serikali. Mwaka uliofuata ikakataa pia kusoma Biblia kama ibada ya kufungua siku. Haikumkataza mtoto kusali mwenyewe, wala kusali na wenzake kwa hiari yao. Hata hivyo, siku ile ile ya Newtown, Mike Huckabee, aliyekuwa gavana wa Arkansas na mchungaji wa Wabaptisti, alisema kwenye televisheni kwamba Mungu ameondolewa masomoni, basi tusishangae. Wengi walimwitikia, na maneno hayo yamefika hadi kwetu.

Lakini tuangalie tarehe. Mwezi wa Mei 1927, miaka 35 kabla ya hukumu ile, mkulima mmoja wa Michigan, tena mtunza pesa wa kamati ya shule, alilipua shule ya Bath kwa baruti. Watoto 38 walikufa. Mwaka 1997, tarehe 1 Desemba, huko Kentucky, vijana wa sekondari walikuwa wameshikana mikono wakisali asubuhi ndani ya shule ya serikali, kama walivyozoea. Walipomaliza, mwenzao wa miaka 14 akawapiga risasi. Wasichana watatu walikufa. Mwaka 2006, Pennsylvania, wasichana watano waliuawa katika shule ndogo ya Waamishi, watu ambao dini ndiyo maisha yao yote. Mwaka 2023, Nashville, ilikuwa shule ya kikristu: watoto watatu, watu wazima watatu.

Je, hao hawakusali? Mtu akisema risasi zinafuata mahali ambapo sala imeondolewa, anawatukana wasichana wa Kentucky bila kujua.

Kuna nchi iliyojibu kwa namna nyingine. Mwezi wa Machi 1996, Dunblane, katika Uskoti, mtu mmoja aliua watoto 16 na mwalimu wao. Uingereza haikugombana juu ya sala. Mwaka 1997 ilipiga marufuku karibu bastola zote mikononi mwa raia. Tangu hapo shambulio la bunduki la namna ile halijatokea tena katika shule za kule. Sisi tunaoishi katikati ya silaha zisizohesabika tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hilo.

Hata sisi tuliwahi kuondolewa dini masomoni, wengi wamesahau. Mwisho wa mwaka 1974 Mobutu alitaifisha shule za makanisa, misalaba ikatolewa ukutani, somo la dini likawa somo la siasa ya Chama. Mama yangu alikuwa darasani miaka ile. Anachokumbuka ni kuimba na kucheza ngoma za MPR hadi miguu kuuma. Wanafunzi kuuana, hapana. Tarehe 26 Februari 1977 serikali ilitia sahihi mapatano na makanisa, ndiyo sababu hadi leo tuna shule za Wakatoliki, za Waprotestanti, za Wakimbangu, na baadaye za Waislamu na wengine. Leo watoto wetu wanasali kila asubuhi mbele ya bendera. Je, tumekosa kuona shule zilizochomwa, zilizolaliwa na wenye silaha? Waliozichoma hawakuuliza kwanza kama kuna sala.

Sasa nifike kwa mtoto wangu wa darasani, maana ndiye sababu ya barua hii yote.

Ana miaka tisa. Anasema maneno machache, mengi yake ni matangazo ya radio, anayarudia kwa sauti ile ile ya mtangazaji hadi darasa linacheka. Mfukoni ana vifuniko vya chupa, 23, ninajua kwa sababu anavipanga mezani kila asubuhi na kimoja kikikosa hatuwezi kuanza. Kuhesabu anajua kuliko wengi. Tangu masomo ya msingi kuwa ya bure mwaka 2019 madarasa yamejaa; mimi nina watoto 74, wanne kwenye benchi la wawili. Kwenye ISP nilikopata diploma yangu, usonji ulipita kwa mistari michache tu. Mengi nimeyajifunza kwa kumtazama yeye.

Shida yake ni sala ya asubuhi. Mamia ya watoto wanaimba pamoja uwanjani, wanapiga makofi, mwalimu anapaza sauti. Mtoto huyu anaziba masikio, anainama, na wimbo ukipanda analia kwa nguvu na kukimbia. Unajua watu walisema nini. Pepo anaogopa jina la Yesu. Mzazi mmoja aliyesimama langoni aliona mara moja tu, na jioni avenyu nzima ilikuwa inajua.

Mimi nilifanya ambalo mwalimu yeyote angeweza kufanya: nilimwangalia saa nyingine za siku. Anaziba masikio mtu akipiga ile rimu ya gari ambayo ndiyo kengele yetu. Anaziba masikio mbele ya mashini ya kusaga unga, na mama yake lazima azunguke njia nyingine. Mvua ikipiga mabati, analia vile vile kama wakati wa wimbo. Lakini nikimwambia Baba Yetu kwa sauti ya chini, sisi wawili tu, ananifuata hadi Amina, hakosi hata neno. Pepo gani huyu anayeogopa mashini ya unga na hashtuki na Baba Yetu?

Masikio yake yanasikia kwa ukali, basi. Watu wengi wenye usonji wako hivyo. Sauti ambayo kwako ni furaha, kwake ni kama kisu.

Mama yake alipelekwa kwenye chumba kimoja cha sala. Waliomba mtoto afungiwe siku tatu bila chakula wala maji, na mama alete pesa. Alikataa. Nataka wamama wote wajue kwamba alikataa peke yake, wakati familia ya mume ilikuwa inasema uchawi umetoka upande wake. Maneno hayo si ya Kongo tu, kama yanaweza kumfariji mtu. Kisha daktari Leo Kanner kueleza usonji Amerika mwaka 1943, kwa miaka mingi wataalamu walisema mtoto anakuwa hivyo kwa sababu mama yake ni baridi, hampendi. Bruno Bettelheim aliandika kitabu kizima kwa wazo hilo mwaka 1967 na alisifiwa sana. Leo hakuna mwanasayansi wa maana anayelisema. Wao walimwita mama baridi, sisi tunamwita mchawi, lakini anayelipa ni yule yule.

Na sheria yetu haiko kimya. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaweka adhabu ya kifungo, kuanzia mwaka mmoja hadi mitatu, pamoja na faini. Mchungaji hayuko nje ya sheria hiyo, wala bibi, wala jirani. Ninajua ni vigumu kumshitaki mama mkwe. Lakini mara nyingi kulitamka tu neno kifungu mbele ya watu kunatosha kuzima moto.

Direkta wetu ni mtu wa kusikiliza. Tangu Oktoba mtoto anangoja nyuma ya jengo na msichana mmoja wa darasa la sita, sala ikiisha wanaingia pamoja. Vilio vya asubuhi vimeisha. Lakini mwezi uliopita mwenzake alimtupia jiwe na kumnyang'anya vifuniko, naye akamsukuma, mwenzake akachubuka goti. Ile ya jiwe haikuulizwa na mtu. Baadhi ya wazazi wameandika barua wakitaka afukuzwe, na ndani yake kuna maneno haya haya: kwamba watoto wa namna hii ndio wanaoua wenzao Amerika.

Komite ya wazazi inakutana Jumatano ijayo, saa tisa mchana, katika darasa la sita. Nitasoma mbele yao tarehe nilizowaandikia hapa. Mwenye mtoto katika shule yetu ana haki ya kuingia na kusema, hata kama hajawahi kusema mkutanoni. Mama yake atakuja. Aliniuliza kama amwache mtoto nyumbani siku hiyo. Nilimwambia amlete, na vifuniko vyake vyote 23.