Soda ya Moto

Mgeni anayefika Sumbawanga kwa mara ya kwanza, hasa akitokea Dar es Salaam, hukutana na swali la mhudumu wa mgahawa: "Soda ya baridi au ya moto?" Swali hilo huulizwa Tanzania nzima, lakini kwetu lina uzito wake. Mji wetu umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mwezi Juni, upepo unaposhuka kutoka milima ya Mbizi, watu huvaa makoti mchana kweupe. Katika hali hiyo soda ya moto, yaani ile ambayo haikupita kwenye friji, ndiyo soda. Nami tangu utotoni soda yangu ni moja tu: Stoney Tangawizi, katika chupa yake ya kahawia, inayochoma koo na kutoa machozi kabla hujamaliza funda la kwanza.

Nimeikumbuka wiki iliyopita, nilipoalikwa kuzungumza kwenye semina ya watumishi wa umma. Mbele ya kila kiti palikuwa na chupa ya maji na chupa ya soda. Mada ya siku hiyo ilikuwa kuongeza thamani ya mazao ya wakulima wetu. Nilizungumza nilichoandaa, nikapigiwa makofi, nikaketi na kuifungua Stoney yangu. Hapo ndipo ilipinirudia kumbukumbu ya majira ya baridi ya mwaka 2019, niliyoyapitisha katika mji wa Leicester, Uingereza, nikiitafuta soda hiyo kama mtu aliyepoteza pete ya ndoa.

Nilikwenda huko kwa utafiti wa miezi michache. Mwezi wa kwanza sikutamani chochote cha nyumbani. Mwezi wa pili nikashikwa na mafua, na mafua kwangu dawa yake ni tangawizi. Nikaenda kwenye maduka makubwa. Soda za tangawizi zilikuwapo, tena za aina nyingi, katika chupa za kupendeza. Nilizijaribu zote. Uingereza ilianza kutoza ushuru wa sukari kwenye vinywaji Aprili 2018, na watengenezaji wengi wakapunguza sukari na kuweka vitu vingine vya kuutia ulimi utamu. Sina ugomvi na sera hiyo. Sisi tuliokwisha kuzika ndugu kwa kisukari tungefanya vyema kuijadili. Lakini tangawizi ya soda zile ilikuwa imefugwa. Haikuchoma mahali popote.

Nikashauriwa niende barabara ya Belgrave, mtaa wa wafanyabiashara wenye asili ya India. Wengi wa wazee wa mtaa ule ni watu wa Afrika Mashariki, au watoto wao. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke nchini, na halmashauri ya Leicester, ikihofia kuelemewa, ikatoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije kwake. Walikuja hata hivyo, na leo mji huo hujivunia mtaa wao. (Wanafunzi wangu wa sera za umma, tangazo lile litafuteni. Linafundisha zaidi ya mihadhara yangu.)

Katika duka moja nilimkuta mzee mwenye nywele nyeupe ambaye, niliposema natoka Tanzania, alibadili lugha papo hapo. Kiswahili chake kilikuwa cha Jinja, kimekatwa ncha hapa na pale, lakini kilikuwa kizima.

"Stoney!" akasema. "Hapana, kijana. Hiyo sijaona miaka mingi. Labda London, kwa watu wa South Africa."

Nikamshukuru. Nikiwa natoka nilipita kando ya mifuko ya nafaka iliyopangwa sakafuni, mmoja ukiwa umeandikwa "Ragi". Niliona punje ndogo nyekundu zikiangaza kwenye sehemu angavu ya mfuko. Nilizitambua, nikapita.

London nilikwenda kwa shughuli nyingine, au ndivyo nilivyojidanganya. Duka la bidhaa za Afrika Kusini nililipata baada ya saa nzima ya kuzungukazunguka, na ndani ya friji, baina ya vinywaji nisivyovijua, lilikuwapo kopo lenye neno Stoney. Nililipa zaidi ya pauni mbili, nikatoka, nikaketi kwenye benchi penye manyunyu. Nilisubiri kopo lipungue baridi. Kisha nikanywa. Ilichoma. Machozi yalitoka. Ilikuwa karibu sana na ile yangu, na kwa sababu ilikuwa karibu sana, nilijua kwa hakika kwamba siyo nilichokuwa nakitafuta.

Mtu aliyeketi peke yake na kopo husoma maandishi ya kopo. Nilikuwa nikijua, kama kila mtu anavyojua, kwamba Stoney ni mali ya kampuni ya Coca-Cola. Ila kujua jambo na kulisoma ukiwa na kiu ni vitu viwili. Biashara hii, iliyoanzia Atlanta, Marekani, mwaka 1886, huendeshwa kwa namna rahisi kuielewa: kampuni mama hutengeneza kiini cha kinywaji na kukiuza kwa viwanda vya nchi mbalimbali, navyo huongeza maji, sukari na gesi, hujaza chupa na kusambaza. Maji ni yetu, jasho la kubeba makreti ni letu, chupa huzunguka kwetu mpaka shingo yake inachubuka ikawa nyeupe. Jina na siri si vyetu. Nilikuwa nimevuka nusu ya Uingereza kutafuta "kitu cha nyumbani" ambacho nyumbani kilifika kwa leseni.

Hapo mtu angeweza kuandika makala ya hasira dhidi ya kampuni za kigeni, na mimi mwenyewe nimeandika kadhaa. Siku ile sikuweza, kwa sababu nilikumbuka jinsi soda ilivyopata heshima nyumbani kwetu. Atlanta haikuhusika.

Nilikuwa mtoto miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, wakati sabuni na sukari viliadimika, na mwaka 1983 Serikali ikaanzisha msako wa walanguzi. Soda iliyofika Sumbawanga ilikuwa imepanda lori na kutikiswa siku nzima, au zaidi masika yakikolea, kwenye barabara ya vumbi kutoka Tunduma. Ilikuwa ya Krismasi, na ya mgeni. Mgeni alipopewa soda, sisi watoto tulijipanga ukutani tukihesabu mafunda yake, tukimwombea ashibe mapema. Kwa hiyo tulijifunza, bila mtu kutufundisha, kwamba soda ndiyo heshima, na kwamba kile kilichokuwamo ndani ya mtungi jikoni ni cha sisi wenyewe.

Ndani ya mtungi ilikuwamo togwa. Mama alilima ulezi, akaupura, akaotesha sehemu yake kupata kimea, akapika uji na kuutia kimea hicho, kesho yake ukawa mwepesi na mtamu bila chembe ya sukari. Aliiuza sokoni kwa vikombe. Togwa hiyo ndiyo iliyonilipia ada ya sekondari. Sisemi kwa mfano. Fedha zilifika mkononi mwangu zikinuka kimea.

Likizo yangu ya kwanza ya chuo kikuu nilikuja na wenzangu wawili waliotaka kuona maporomoko ya Kalambo. Mama alitukaribisha, akatutandikia mkeka barazani, akaleta jagi la togwa na vikombe vitatu. Nami nikasema mbele yao: "Mama, hawa ni wageni. Hakuna soda?"

Hakujibu. Alirudisha jagi ndani, akafunga khanga yake vizuri, akaenda dukani mwenyewe. Alileta Stoney tatu, za moto, kwa fedha za mauzo ya siku mbili. Hatukuwa na chupa tupu za kubadilisha, kwa hiyo mwenye duka alimtaka azirudishe kabla hajafunga. Mama akaketi kwenye kigoda karibu na mlango, mikono mapajani, akisubiri tumalize. Sisi tulikunywa taratibu, tukizungumza siasa za wanyonge.

Ninapowauliza watumishi wenzangu kwa nini meza zetu za mikutano hazina togwa hata katika mkoa unaolima ulezi, hunijibu kwamba togwa haikai. Siku ya tatu imechacha. Ni kweli. Maziwa nayo huchacha, na watu walijishughulisha nayo mpaka yakakaa. Wengine husema usafi wa maji hauna uhakika, na hilo pia lina haki ya kujibiwa na maabara, wala si na wimbo wa uzalendo. Lakini sijaiona kanuni yoyote ya fedha inayokataza kifungu cha viburudisho kununua togwa iliyotengenezwa vizuri asubuhi hiyohiyo. Hakuna aliyeipiga marufuku. Tumeionea haya, basi, na bajeti ikafuata haya zetu.

Kesho yake baada ya kurudi kutoka London nilikwenda Belgrave, nikanunua kilo mbili za ragi. Mzee wa Jinja alinitazama, akacheka, akasema kwao nyumbani bibi yake alipika uji wake. Wataalamu wa mimea wanasema ulezi ulianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, ukavuka bahari kwenda India maelfu ya miaka iliyopita. Basi ulikwenda, ukapata jina jingine, ukaja Uingereza, na Mfipa akauziwa na Mhindi wa Uganda.

Nikampigia simu mama, ambaye wakati huo alikuwa bado nasi.

"Mama, ulezi wa kimea unaulowesha muda gani?"

Kimya kidogo. "Kwani wewe uko wapi?"

"Uingereza, mama."

"Huko hakuna soda?"

Sikuwa na jibu, naye hakulingoja. Alinieleza: ulowe usiku kucha, uchujwe, ufunikwe kwa kitambaa kibichi mpaka uchipue, kisha uanikwe juani. Nikamwambia jua hakuna. Akasema niweke palipo na moto. Niliutandaza juu ya chuma kinachopasha chumba joto, na kwa siku tatu chumba changu kilinuka kama jiko la Sumbawanga. Nikasaga kwa mashine ya kahawa ya jirani. Togwa ya kwanza iligoma, ikabaki uji mzito kama gundi. Nikapiga tena.

"Umetia kimea uji ungali moto," akasema. "Umekiua. Tia kidole kwanza. Kidole kikivumilia, na kimea kitavumilia."

Ya pili ilikubali. Nilipoamka ilikuwa imelegea, tamu, na ukali mdogo ukianza kuingia pembeni. Niliwamiminia wenzangu wawili wa nyumba ile, mmoja Mchina na mwingine Mgiriki, bila kuitia kwenye friji. Jioni nikampigia mama kumwarifu kwamba imefaulu.

"Wageni wako umewapa?" akauliza.

Nikasema nimewapa.

"Waliimaliza?"