Mlinzi wa Lango katika Mchezo wa Vijana

Hakuna jamaa ya askari isiyojua maana ya lango la kambi. Mgeni hufika hapo, hutaja jina lake, huonyesha kitambulisho, kisha huelekezwa aendako. Walio ndani ya kota hawamwulizi tena, kwani wanaamini ya kuwa mlinzi wa zamu amekwisha kumwuliza. Jambo hilo hilo limo katika Minecraft, mchezo wa kompyuta wapendao vijana wengi, uliotolewa rasmi mwaka 2011 na kampuni ya Mojang ya Uswidi.

Katika mchezo huo watu hujenga nyumba, hulima na kuchimba madini. Wakitaka kucheza pamoja, huungana katika kompyuta moja itumikayo kama uwanja wao, iitwayo seva. Wachezaji wakizidi, seva moja hulemewa. Hapo mafundi huweka seva kadhaa, na mbele ya zote huweka programu iitwayo proksi, ambayo ndiyo lango. Mchezaji hujua anwani ya lango tu, naye huhamishwa kutoka seva hii hadi ile bila kutoka mchezoni. BungeeCord ilianza kazi hiyo mwaka 2012, na Velocity ikafuata mwaka 2018.

Lango lenyewe halijui desturi za kila uwanja. Kwa hiyo kijana aijuaye lugha ya kompyuta iitwayo Java huandika programu ndogo ya nyongeza, yaani plagini. Hiyo ni mfano wa amri apewazo mlinzi: mtu akifika, fanya hivi, akisema neno, lipime, akiomba kwenda seva fulani, mruhusu au mzuie. Mistari yake yaweza kuenea katika ukurasa mmoja wa daftari, lakini wajibu wake ni mzito.

Wajibu wa kwanza ni kutowakawiza watu. Tuseme plagini imeagizwa kutafuta kila jina katika orodha ya waliofukuzwa, nayo orodha imo katika kompyuta nyingine ya mbali. Mlinzi akisimama kimya akingoja jibu la mtu mmoja, wengine nao hukwama, na kwa kawaida muunganisho uliokaa kimya sekunde 30 hukatwa. Mwandishi hodari hulituma swali pembeni. Mgeni yule mmoja hungoja, na wengine huendelea kuhudumiwa.

Wajibu wa pili ni kutosahau milango ya nyuma. Kwa kuwa lango limekwisha kuhakikisha jina la mchezaji, seva zilizo ndani huzimwa ukaguzi wao. Basi seva hizo zikiachwa wazi kwa ulimwengu, mtu yeyote aweza kulizunguka lango, akajiita kwa jina la mkuu wa uwanja, naye akatiiwa. Wenye seva waliotumia BungeeCord ilibidi wazibe milango hiyo wenyewe. Velocity iliongeza njia ya siri: lango hutia muhuri katika habari za kila mchezaji, na seva humkataa ajaye bila muhuri huo. Hata hivyo, siri hiyo ikivuja, muhuri hauna maana tena.

Wajibu wa tatu ni kutoliamini neno la mgeni kabla ya kulipima. Mwezi Desemba 2021 ilitangazwa hadharani kasoro katika Log4j, programu inayoandika kumbukumbu za kazi ndani ya programu nyingine nyingi, Minecraft ikiwamo. Ujumbe mmoja mfupi ulioandikwa katika mazungumzo ya wachezaji uliweza kuifanya seva ichukue maagizo kwa adui na kuyatekeleza. Karani aliandika tu alichosikia, na kwa kuandika huko akafungua mlango.

Lakini je, mlinzi mwenyewe akiwa si mwaminifu? Mwezi Juni 2023 watu waovu walitia sumu katika nyongeza kadhaa za Minecraft zilizokuwa zikigawiwa bure katika mtandao, plagini zikiwamo. Aliyezipokea aliibiwa maneno ya siri yaliyohifadhiwa katika kompyuta yake, hata yasiyohusu mchezo.

Hapo ndipo jambo hili linapoingia nyumbani. Kompyuta anayochezea mtoto mara nyingi ndiyo hiyo hiyo baba anayotunzia barua zake, na mama hesabu za akiba. Mzazi asiyejua hata mstari mmoja wa Java bado aweza kumwuliza mwanawe maswali ya lango: programu hii imeandikwa na nani? Imetoka wapi? Inaomba kuingia wapi? Kijana awezaye kuyajibu bila kubabaika apewe nafasi ya kuandika plagini zake, kwa maana anajifunza kazi ya ulinzi. Asiyeweza, angoje kwanza nje ya lango hadi ajue.