Wazee wa HMS Belfast

Nilipoanza kujitolea kwenye HMS Belfast, manowari ambayo tangu 1971 ni makumbusho mtoni Thames, karibu na Tower Bridge, kusimulia haikuwa kazi yangu. Walikuwepo wazee walioitumikia wenyewe. Mimi, fundi mstaafu wa Jeshi la Wanamaji la Kenya, niliyezoea injini za dizeli pale Mtongwe, nilipewa brashi na kopo la rangi, nikaridhika kabisa.

Mzee mmoja wa boila ndiye aliyenifundisha mvuke. Alinisimamisha kwenye kijumba chembamba chenye milango miwili: mmoja haufunguliwi mpaka mwingine ufungwe. Feni zilisukuma hewa ndani ya chumba cha boila mpaka shinikizo lake likapita la nje, ili mafuta yawake vizuri. Shinikizo hilo likitoroka ghafla, ndimi za moto huweza kurudi nyuma na kuwakuta waliosimama mbele ya tanuri. Kisha akanishika mkono, akauweka juu ya valvu, akaniongoza kuizungusha taratibu, kama vile boila bado zinachemka.

Wageni walikimbilia mizinga, 12 ya inchi 6. Walitaka habari za 26 Desemba 1943, Belfast iliposhiriki kuizamisha Scharnhorst kaskazini mwa Norway. Kati ya Wajerumani karibu 2,000 waliokuwamo, waliookolewa ni 36. Wazee hawakuisimulia kwa majigambo. Walitaja baridi, na wenzao waliofungiwa huko chini, wakisikia kila kishindo bila kuona chochote.

Wakaanza kupungua. Huyu magoti yalimkatalia ngazi, yule tukamzika. Hatimaye nikaambiwa niweke brashi, nichukue kundi la wageni. Lilinielemea sana jambo hilo, kwani nitasemaje habari za vita ambavyo sikuviona? Nikaamua kuanzia chini, kwenye milango miwili, kwa sababu hayo nimeyapokea mkononi kwa mwenyewe. Mizinga tunaifikia mwishoni. Naona ni dhuluma watu waende nyumbani wakijua uzito wa risasi, wasijue nani aliyekuwa akichochea moto.

Kuna jambo jingine nililoliongeza mwenyewe. Desemba 1961 meli hii ilikuwa Dar es Salaam, na ndiyo iliyotoa gwaride la heshima la Uingereza katika sherehe za uhuru wa Tanganyika. Siku moja niliitaja habari hiyo mbele ya familia ya Kitanzania. Bibi yao akanigeukia.

"Mdogo wangu, mimi nilikuwepo uwanjani usiku ule."

Wajukuu walishangaa, hakuwahi kuwaambia. Tukamtafutia kiti. Akaeleza umati ulivyobanana, bendera ilivyoshushwa na nyingine kupanda, na jinsi babake alivyolia waziwazi. Kundi zima likamzunguka, hata Waingereza, wakimsubiri mjukuu atafsiri. Nami nikamwachia zamu yangu yote.