Gemu Moja tu ya Kizazi cha PS2: Nachagua God of War

Kila kizazi cha mashine za gemu huacha majina mapya ambayo hayakuwepo kabla yake. Kizazi cha PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000, kiliacha mengi: Devil May Cry na Halo mwaka 2001, Kingdom Hearts na Ratchet & Clank mwaka 2002, kisha God of War mwaka 2005. Ukiniambia nichague mfululizo mmoja tu kati ya hiyo, nachagua huo wa mwisho. Najua wapo watakaoguna. Ni gemu ya damu, kelele na vichwa kukatwa, na hapa tumezoea kuzungumzia vitabu. Naomba mnivumilie kidogo.

Kwanza sheria ya mchezo. Nimesema mfululizo mpya, kwa hiyo wafalme watatu wa vibanda vyetu wanatoka mapema. Winning Eleven ilianza katikati ya miaka ya 1990, kwenye PlayStation ya kwanza. Tekken ni ya 1994. GTA nayo, hata kama San Andreas ya 2004 ndiyo iliyotuteka, ilianza 1997. Waulize vijana wa rika langu kule Ulemo, wengi watakutajia moja ya hizo tatu na kukushangaa kwa kuuliza. Halo ilikuwa ya Xbox, na Xbox sikuwahi kuiona kwa macho yangu Iramba nzima. Shadow of the Colossus ya 2005 ni nzuri kuliko zote nilizozitaja, ila ilibaki hadithi moja. Haikuzaa mfululizo.

Ulemo ninayoisema ni hiyo ya wilaya ya Iramba, mkoani Singida, nchi ya alizeti na mtama. PlayStation 3 ilikuwa imetoka tangu 2006, lakini miaka ya 2009 na 2010 sisi ndio kwanza tulikuwa tunaifaidi PS2. Wala hatukuwa peke yetu: mashine ile iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na Sony iliendelea kuitengeneza hadi ilipotangaza Januari 2013 kwamba basi. Kibanda chetu kilikuwa cha mabati, kina TV mbili za chogo, na jenereta inaunguruma nyuma yake. Mechi moja shilingi 200. Gemu za hadithi zililipiwa kwa muda, shilingi 500 kwa saa, na mwenye kibanda hakuzipenda hata kidogo, maana anacheza mmoja na kumi wanajaza benchi bila kutoa senti. Aliziruhusu jioni za siku ambazo hakuna mnada, wateja wakiwa wachache.

Mchezaji wetu alikuwa kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa. Ndiye aliyekuwa na memori kadi, na pale mwenye memori kadi ni mfalme, kwa sababu bila hiyo kila siku unaanza upya. Darasa la saba hakuchaguliwa kwenda sekondari. Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu za mwalimu. Lakini pedi ikiwa mkononi, jamaa alikuwa anasimulia. God of War yenyewe ina msimulizi, sauti nzito ya mwanamke, Linda Hunt, na katika gemu ya pili ndipo unajua kumbe sauti ile ni ya Gaia, mama wa ardhi. Sisi hatukumsikia. Kaka alizungumza juu yake, kama Lufufu alivyozungumza juu ya filamu za nje kwenye kanda zetu, kama DJ Afro anavyofanya kwa Wakenya. Alichanganya Kiswahili na Kinyiramba, akawapa miungu ya Wayunani sauti za wazee tunaowafahamu, na benchi zima likawa linacheka na kunyamaza anapotaka yeye.

Kwa asiyeijua hadithi: Kratos ni kamanda wa Sparta. Siku moja vitani anakaribia kuuawa, anamwita Ares, mungu wa vita, na kumwahidi maisha yake yote endapo atamwokoa. Ares anakubali, anampa mapanga yenye minyororo inayoungua na kuganda kwenye mikono yake. Kutoka hapo anaua kila anayetumwa kumwua, mpaka usiku mmoja anavamia kijiji, anaingia hekaluni, anaua kila aliyemo, na akili ikimrudia anakuta amemwua mkewe na binti yake. Mwaguzi wa kijiji anamlaani: majivu ya wafu wake yagande mwilini. Ndiyo maana Kratos ni mweupe vile. Anawatumikia miungu miaka kumi, akitaka kitu kimoja tu, wamwondolee ndoto zinazomrudisha hekaluni.

Katika simulizi ya kaka, Kratos akilala alikuwa anaita majina. Majina ya askari aliokwenda nao vitani wasirudi, mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama mwalimu anavyoita mahudhurio. Kaka aliyataja kwa sauti ya chini na benchi likatulia. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa sehemu kubwa kuliko mapigano yote.

Miaka baadaye, nikiwa Dar, nilinunua PS2 iliyotumika pale Kariakoo, nikacheza peke yangu chumbani. Sasa Kiingereza nakielewa. Nikawa nasubiri majina. Ndoto zipo, hekalu lipo, damu ipo, lakini majina hakuna. Nikarudia ile sehemu, labda nimepitiwa. Hakuna. Kratos haiti jina la mtu yeyote usingizini.

Anayeita majina usingizini ni baba mkubwa.

Mwaka 1978, Amin alipoivamia Kagera, wanamgambo walichukuliwa kutoka vijijini nchi nzima, na yeye akiwa kijana alikuwa mmoja wao. Alirudi mzima, akaoa, akalima, akafuga mbuzi. Mchana alikuwa mtu wa utani. Usiku, si kila usiku, tuliolala chumba cha pili tulimsikia. Asubuhi mama mkubwa anakoroga uji, tunakunywa, hakuna anayegusia. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, alisikiliza redio mpaka mwisho, akaizima, akaenda kuangalia mifugo.

Kumbe kaka hakuwa anabuni. Neno ambalo nyumbani halikuwa na pa kusemewa, alilipeleka kibandani, akalitia kinywani mwa Mspata.

Jioni tuliyofika mwisho wa gemu, baba mkubwa alikuja kututafuta kwa sababu mbuzi walikuwa hawajafungiwa. Alisimama mlangoni, akaangalia TV, akauliza, "Huyo mbona kajipaka majivu?"

Kaka hakugeuka. "Hakujipaka, baba. Ni ya mkewe na mwanawe. Hayatoki."

Mzee hakusema tena habari za mbuzi. Alisimama pale mpaka Ares akaanguka, mpaka Kratos akawaomba miungu wamtimizie ahadi, na Athena akamjibu kwamba dhambi zake zimesamehewa, lakini hakuna mwanadamu wala mungu anayeweza kuyasahau aliyoyatenda. Kaka alilipata hilo bila Kiingereza, kwa kuangalia tu sura ya Kratos.

"Kwa hiyo ataendelea kuota?"

"Ataendelea."

"Basi hawajampa kitu," akasema, akaondoka.

Hii ndiyo sababu ya uchaguzi wangu, na ndiyo ninayoiita sifa ya kifasihi ya mfululizo huu. Hadithi nyingi za vita hufunga ukurasa adui anapoanguka. Hata sisi, tulichofundishwa shuleni ni kwamba Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na somo likaisha. Walioanguka wana makaburi yao Kaboya, mkoani Kagera, na wanakumbukwa kila mwaka. Waliorudi walirudi kwenye mashamba. God of War, kwa ubishi wake wote, iliendelea kumtazama mshindi baada ya ushindi, ikamkuta anakwenda kwenye jabali kujirusha baharini. Na ilianzia pale pale: picha ya kwanza kabisa ya gemu ni yeye juu ya lile jabali.

Washairi wetu waliwahi kulijua jambo la jirani na hili. Fumo Liyongo hakushindwa na jeshi. Alichomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, naye akafa amepiga goti, mshale upindeni, watu wakaogopa kusogea kisimani wakidhani yu hai. Shujaa huyu hatari ilimtokea nyumbani. Tofauti ni kwamba kwa Kratos hatari ya nyumba ni shujaa mwenyewe, na hilo tenzi zetu za mashujaa hazikupenda kulisema.

Sitaki kuisifu kupita kiasi. Wanawake ndani ya gemu zile za mwanzo wamechorwa vibaya, ni mapambo au ni maiti. Ya pili, ya 2007, ina safari nzuri, lakini ya tatu, ya 2010, ni kisasi juu ya kisasi mpaka unachoka, Kratos anamwua Zeus, baba yake, na moyo wako haushtuki. Kwa mapigano matupu Devil May Cry inaishinda. Ila sichagui kwa mapigano. Nachagua hadithi iliyokuwa na nafasi wazi, pana kiasi cha kijana wa darasa la saba kuingiza usiku wa nyumbani kwao na isipasuke.

Mwaka 2018 mfululizo ulirudi. Kratos amezeeka, yuko nchi za baridi za kaskazini, ana mtoto wa kiume, Atreus. Mikono ameifunga vitambaa kuficha makovu ya minyororo, na mtoto haambiwi kitu. Nilimsimulia kaka kwenye simu. Siku hizi anaendesha lori, anapeleka mafuta ya alizeti Dar, na hana muda wa gemu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza jambo moja tu.

"Mtoto anajua?"

Nikamwambia mwanzoni hajui, baba anamwambia baadaye, kwa shida.

Nikasikia injini inaunguruma kwa muda.

"Anajua," akasema. "Nyumba yenyewe si ile ile wanalala wote? Anajua tangu zamani. Anamsubiri mzee tu aseme."