Likizo Ndiyo Muhula wa Maktaba

Kizazi chetu, kilichosoma chini ya mfumo wa 8-4-4, kilikua kikiijua maktaba ya umma kama mahali pa watahiniwa. Tangu mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, uanze mwaka 1985, mwanafunzi aliyekwenda maktabani aliingia na madaftari yake kwapani, akatafuta meza, mwanga na utulivu, akadurusu hadi jioni. Vitabu vya maktaba yenyewe havikumhusu sana. Alichokifuata ni kiti. Mtoto wa miaka saba, asiye na mtihani na asiyeweza kukaa kimya kwa saa tatu, hakuwa na lake pale. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini Kenya mwaka 2019, unamtaka mtoto asome kwa upana tangu gredi za mwanzo. Kwa hiyo Kitale na Bungoma zina swali jipya la kujiuliza kila Novemba inapokaribia: shule zikifungwa, idara ya watoto ya maktaba imejiandaa kumpokea nani? Mimi nashikilia kwamba likizo ndefu ndiyo muhula wa maktaba, na kwamba kazi ya mwaka mzima ya idara hiyo inafaa kupangwa kwa kuitazama likizo hiyo.

Mtoto hakusahauliwa kwa bahati mbaya. Kitale ilikuwa mji wa walowezi, na wakati wa ukoloni huduma ya vitabu ilifuata rangi ya msomaji. Msomaji Mwafrika wa mashambani alianza kufikiriwa ilipoundwa East African Literature Bureau mwaka 1948, ikawa inatuma vitabu kwa masanduku na kwa posta, hasa kwa watu wazima waliokwisha kujua kusoma. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1965 iliunda bodi ya huduma ya maktaba za taifa, nayo ikafungua matawi yake hatua kwa hatua. Kisha Katiba ya 2010 ikaziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Hili la mwisho ni badiliko kubwa kuliko tunavyolichukulia. Zamani mzazi wa Kiminini au Sirisia aliyetaka vitabu vya watoto hakuwa na wa kumuuliza aliye karibu naye. Leo swali hilo linaweza kuulizwa katika mikutano ya bajeti ya Trans Nzoia na Bungoma, mbele ya watu aliowapigia kura.

Likizo nayo imebadilika. Kwa miaka mingi ilimezwa na tuisheni: mtoto alifunga shule Ijumaa na Jumatatu akarudi darasa lile lile, mbele ya ubao ule ule. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku masomo ya likizo, na anayeivunja anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au adhabu zote mbili. Wazazi waliolalamika kwamba watoto wangesahau walichofundishwa hawakukosea kuogopa. Tathmini za mpango wa Uwezo zilionyesha kwa miaka kadhaa kwamba katika watoto 10 wa darasa la tatu, takriban 3 tu ndio waliomudu kazi ya darasa la pili. Lakini watoto hao walikuwa wakifundishwa mwaka mzima, kwa hiyo kuwaongezea saa za ubaoni si dawa yenye uhakika. Huko Florida, Marekani, watafiti Richard Allington na Anne McGill-Franzen waliwapa watoto wa familia maskini vitabu 12 vya kuchagua wenyewe kila likizo kwa miaka mitatu, na watoto hao wakawapita wenzao katika kusoma. Florida si Bungoma, nakubali. Hata hivyo jambo lililofanya kazi kule, yaani mtoto kuchagua kitabu na kukaa nacho nyumbani, halihitaji utajiri wa Marekani.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka shambani. Mahindi ya Trans Nzoia na Bungoma hupandwa Machi na Aprili, na kuyavuna kunaangukia miezi ile ile ya likizo ndefu. Mtoto anahitajika kubeba, kuanika na kupukuchua. Agosti ya miaka shufwa nayo ina wajibu wake: ni msimu wa tohara kwa Wabukusu, na vijana huzunguka kwa jamaa zao kuwaalika. Mkutubi anayengoja mlangoni msimu huo atangoja sana. Jibu ni kuazimisha mapema: wiki mbili kabla ya shule kufungwa, kila mtoto aondoke na vitabu kadhaa vya kumtosha hadi Januari, na masanduku ya vitabu yapelekwe Endebess, Chwele na Kimilili yakae shuleni au kanisani. Kenya inalijua jambo hili. Tangu mwaka 1996 ngamia wamekuwa wakipeleka vitabu kwa wafugaji wa Garissa, kwa sababu walioanzisha huduma ile walikubali kufuata ratiba ya msomaji.

Wapo watakaosema kaunti ina hospitali zisizo na dawa, na kwamba vitabu vya hadithi vingoje. Vimengojeshwa tangu 1965, na bei ya kungoja inalipwa na mtoto anayefika gredi ya sita akisoma kwa kuunganisha silabi. Wengine wanahofia kelele kwa wanafunzi wa vyuo wanaodurusu. Hao wapewe saa zao, na watoto wapewe asubuhi zao za kusimuliwa hadithi kwa Kiswahili, Kiingereza na Lubukusu. Wengine wataniambia vitabu vitapotea au vitarudi vimechanika. Vingine vitapotea, na bajeti iliyopangwa kwa uaminifu itatenga fedha za kuvibadilisha, kwani kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimefanya kazi iliyokifanya kinunuliwe. Kwa hiyo Septemba ndiyo wakati wa idara ya watoto kushona majalada, kuandikisha wanachama shule kwa shule na kukubaliana na walimu wakuu kuhusu masanduku. Ikianza Desemba, watoto watakuwa wamekwisha kwenda shambani mikono mitupu.