Kibuyu Kwenye Mduara

Wenzangu wa chuo hucheka nikiwaambia kwamba likizo ndefu ya mwaka jana niliimaliza nimeketi mkekani pamoja na watoto wa miaka mitatu na minne. Wengine walikwenda Kampala kutafuta vibarua, wengine wakavuka mpaka kuuza na kununua Ariwara, upande wa Kongo. Mimi nilikwenda kumsaidia shangazi yangu, mwalimu wa chekechea katika Divisheni ya Ayivu, hapa Jiji la Arua. Malipo yangu yalikuwa chakula na nauli ya boda. Naandika habari hizi kwa sababu sisi wanafunzi wa Kiswahili tunabishana sana kuhusu lugha ya kufundishia, lakini ni wachache kati yetu waliowahi kukaa mahali ambapo mtoto hufungua kinywa mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Mahali hapo ni mduara wa asubuhi.

Mduara ni jambo la kawaida. Watoto huketi kuzunguka mkeka, huimba, husalimiana, hutaja siku, hutazama kama kuna mawingu, huulizana nani hakuja, kisha husikiliza hadithi. Kwenye karatasi ni rahisi. Darasa la shangazi lilikuwa na watoto 43, na mtoto wa miaka mitatu akiachwa akae bure hata kwa dakika tano, atamvuta jirani yake nywele. Ndiyo maana tulifanya miduara miwili, yeye mmoja na mimi mmoja. Na ndiyo maana kulikuwa na lile gunia.

Lilikuwa gunia la simsim lililooshwa. Ndani yake mlikuwa na vizibo vya soda vilivyotobolewa na kutungwa kwenye kamba, magunzi ya mahindi yaliyovishwa vitenge yakawa wanasesere, magari ya mabua ya mtama, soksi kuukuu yenye macho ya vifungo ambayo ilikuwa kuku, na adungu ndogo ya nyuzi tatu. Adungu haikuwa ya kuimbia. Shangazi aliigusa uzi mmoja tu, taratibu, na kelele zikapungua, kwa sababu kila mtoto alitaka kusikia uzi wa pili. Nimewaona walimu wakipiga meza kwa fimbo kutafuta ukimya ule ule bila kuupata.

Ukutani kulikuwa pia na chati za kununua, zenye herufi na picha: tufaha, garimoshi, pundamilia. Sizichukii chati, lakini mtoto wa Ayivu anayelala chini ya miembe anaanza kusoma kwa tunda ambalo hajawahi kulishika. Tena chati iko mbali. Mtoto wa umri huu huijua kitu kwa kukishika, kukinusa, na akipata nafasi, kukitia mdomoni. (Kwa sababu hiyo hakuna kitu kidogo kilichotembea mkono kwa mkono. Maharagwe yalikaa ndani ya chupa ya plastiki, kifuniko kimegundishwa, yakawa kayamba. Maharagwe yakiachwa huru huishia puani.)

Zana iliyonishangaza kuliko zote ni kibuyu. Kilikuwa kimekatwa mdomo, na ukingo wake umesuguliwa kwa jani la msasa hadi usikwaruze. Kila asubuhi shangazi aliweka ndani kitu kimoja ambacho hakuna aliyekiona. Kibuyu kilizunguka. Aliyekipata alitia mkono, akapapasa, akasema anachohisi: kigumu, baridi, kina nywele, kina shimo. Wa mwisho ndiye aliyekitoa. Sheria ilikuwa moja: anayesema ni mwenye kibuyu, hata mwalimu hasemi.

Mwanzoni nilifikiri siri ilikuwa kile kilichomo ndani. Baada ya wiki moja niliona kwamba siri ilikuwa zamu. Mtoto anayeona kibuyu kinakuja kwake, kimebakiza watu watatu, kimebakiza wawili, hana haja ya kuambiwa atulie. Na mwalimu, kwa kuwa hana kibuyu, analazimika kufunga mdomo. Hilo kwetu sisi walimu na walimu watarajiwa ni gumu kuliko kutengeneza zana yoyote.

Darasa lile lilikuwa na lugha nyingi. Wengi walizungumza Kilugbara. Kulikuwa na Wakakwa waliotoka Koboko, watoto wa Kinubi, na msichana mmoja ambaye mama yake alikuja kutoka Kongo. Huyo alikaa siku kumi bila kutamka neno. Kibuyu kilipomfikia alitia mkono, akautoa, akakipitisha. Siku ya kumi na moja alikuwa wa mwisho katika mduara wangu. Akatoa mwiko. Akautazama, kisha akauchomeka tena ndani ya kibuyu na kuanza kusonga kwa mikono miwili, meno ameyauma, huku akisema, “Mama anapika bugali! Bugali ya moto!”

Bugali. Mhadhiri wangu wa sarufi angelipigia neno hilo mstari mwekundu. Mtoto wa pembeni yake akasema hapana, hiyo ni enyasa, na mabishano yakaanza, ya kweli kabisa, kuhusu nani anapika nini kwao na kwa unga gani. Shangazi, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni na cha baba yake aliyekuwa askari, hakusahihisha mtu. Kufika mchana nusu ya darasa walikuwa wakiimba “bugali ya moto” kwenye foleni ya uji.

Jambo hili si geni katika Afrika Mashariki. Miaka ya 1980 huko Mombasa, mwalimu Bi Swafiya Said alisaidia kuanzisha chekechea ndani ya madrasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na walimu wake walifundishwa kutengeneza zana kwa vitu vya pale pale walipokaa. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Kabla yao wote, Mjerumani Friedrich Froebel, aliyefungua shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837, alianza na mpira wa sufu. Pwani ina vifuu na makombe ya baharini, sisi tuna vibuyu na mabua. Singependa mtu atuletee makombe.

Lakini zana si za bure, hata zikiwa za takataka. Kwetu Uganda chekechea karibu zote zinaendeshwa kwa ada za wazazi, na mzazi anayelipa anataka kuona alicholipia. Anachoweza kuona ni daftari. Mwisho wa muhula baba mmoja alikuja na la mwanawe, akalifunua kurasa moja moja mbele yetu. “Madamu, mimi nauza mihogo ili huyu aje kucheza na kibuyu?”

Sikumcheka. Shule nyingi za msingi humsaili mtoto kabla ya kumpokea darasa la kwanza, na humtaka aandike jina lake. Baba yule aliijua njia iliyo mbele ya mwanawe. Shangazi alimweleza kwamba vidole vinavyotunga vizibo ndivyo vitakavyoshika kalamu, na kwamba mwongozo wa serikali wa mwaka 2005 wa watoto wa miaka mitatu hadi sita unataka wajifunze kwa kucheza. Alisikiliza kwa heshima, akashukuru, na muhula uliofuata akamhamisha mtoto. Watoto wengine watatu walimfuata. Uongozi ukapunguza mduara kutoka nusu saa hadi dakika kumi na tano.

Mimi nilikasirika. Shangazi alinunua penseli. Sasa, kibuyu kikishazunguka, kila mtoto huchora kilichotoka, naye huandika jina lake chini, kwa Kilugbara na kwa lugha ya nyumbani kwa mtoto. Daftari linajaa. Wapo wazazi wanaouliza kwa nini mwiko umeandikwa mara mbili, na hapo mazungumzo huanza.

Amenipigia simu juzi. Kibuyu kimepasuka, mtoto amekikalia. Jumamosi nitapita sokoni Arua kumtafutia kingine, chenye mdomo mpana zaidi, maana anasema watoto wa mwaka huu wana mikono minono.