Farasi wa Mezani na Mizani ya Miguu Yake

Mchezo wa vita vya mezani huchezwa kwa visanamu vya askari na wanyama, na ugomvi wake hukatwa kwa dadu badala ya damu. Wachezaji wengi wa leo hutumia askari wa milimita 28. Lakini wapo wanaoshikilia kipimo kikubwa cha milimita 54, kilichoenezwa na kampuni ya William Britain ya London tangu 1893, ilipoanza kuuza askari wa madini ya risasi wenye uwazi ndani. Seti yake ya kwanza ilikuwa ya wapanda farasi. Hata hivyo, baada ya miaka zaidi ya 130, anayetaka kuunda kikosi cha namna hiyo hugundua kwamba mpandaji hupatikana, bali farasi hutafutwa.

Jambo la kwanza atafutalo ni kimo. Ikiwa mtu amepunguzwa mara 32, basi farasi wake, mwenye sentimita 152 kutoka ardhini hadi mabegani, hana budi kushuka hadi milimita 48 hivi. Hesabu ni nyepesi. Dukani ndiko kwenye kazi. Farasi wengi wa plastiki huundwa wajae kiganja cha mtoto, na askari akipandishwa juu yao huonekana kama aliyekaa juu ya paa. Wapo waliokaribia haki: farasi wadogo wa kampuni ya Breyer ya Marekani, waitwao Stablemates, hufuata kipimo cha moja kwa 32, ila wengi wao huja bila matandiko wala hatamu. Kampuni ya Historex ya Ufaransa, katika miaka ya 1960, ilileta hekima nyingine: kiwiliwili kiligawanywa upande wa kulia na wa kushoto, na nusu za farasi mbalimbali zikaweza kuunganishwa, hata kutokana na vipande vichache wakazaliwa farasi wengi wasiofanana.

Kimo kikipatikana, huja miguu. Na hapa mpenzi wa ushairi hahitaji mkalimani, maana mwendo wa farasi una mizani. Katika hatua za kawaida kwato hugusa ardhi moja moja, mapigo manne: ya nyuma kushoto, ya mbele kushoto, ya nyuma kulia, ya mbele kulia. Aliyekulia Lamu, ambako punda hupita vichochoroni mchana kutwa, ameusikia mpigo huo bila kuuhesabu. Farasi akienda matiti, yaani mbio ndogo, miguu huenda jozi kwa jozi, wa mbele wa upande huu pamoja na wa nyuma wa upande ule, mapigo mawili. Akipiga shoti, mapigo hurudi kuwa manne, kisha mwili wote huelea. Fundi akichanganya mwendo huu na ule amezaa farasi guni: jicho halijui kosa liko wapi, lakini humkataa.

Kosa hilo si la wajinga. Théodore Géricault, mchoraji mkubwa wa Ufaransa, katika picha yake ya 1821 ya mashindano ya Epsom, aliwachora farasi wakielea, miguu ya mbele na ya nyuma imenyooshwa. Ni mwaka 1878, huko Palo Alto, California, ndipo Eadweard Muybridge alipopanga kamera safu moja na kuonyesha kwamba farasi wa shoti huiacha ardhi pale miguu yote inapokunjwa chini ya tumbo. Visanamu vingi vya viwandani vingali vikimfuata Géricault.

Basi kisu hushika kazi. Plastiki laini huchovywa katika maji ya moto, mguu ukapindwa, kisha ukatiwa maji baridi ushike umbo jipya. Panapohitajika zaidi, mguu hukatwa penye kiungo, ukatobolewa kwa keekee nyembamba na kutiwa kipande cha waya, kwa kuwa plastiki hiyo huikataa gundi ya kawaida. Pengo hujazwa puti, nayo huchongwa misuli kabla haijakauka. Farasi wa kale wa risasi wana swali lao: aliye mzima ni kumbukumbu ya mikono iliyompaka rangi, na akikatwa harudi. Wenye busara humwacha, wakamchukua aliyekwisha vunjika, wakampa miguu.

Yote hayo kwa ajili ya mnyama ambaye kanuni za mchezo humhesabu kuwa kiungo cha mpandaji wake. H. G. Wells alichapisha *Little Wars* mwaka 1913, kitabu cha kanuni za vita vya visanamu, akishikilia kwamba vita vidogo vina heri kuliko vikubwa. Mwaka uliofuata vikubwa vilikuja, na hadi 1918 mamilioni ya farasi walikuwa wamekufa kwa mizinga, njaa, maradhi na uchovu. Hakuna aliyeulizwa yuko upande gani. Katika madaftari ya majeshi walikuwa idadi tu.

Kiwanda nacho huwatoa kwa idadi: kalibu moja, farasi mia, shingo moja. Fundi akeshaye akimgeuza huyu kichwa, akimwinamisha yule kwa uchovu, akimkunja wa tatu goti, huwatoa katika idadi hiyo mmoja mmoja. Dadu ikianguka vibaya, mchezaji hujua ni farasi yupi anayemwondoa mezani.